Saa za Kukodi, Minara ya Mbali: Rekodi za Redio Zilizofika Kitshanga

Ukitoka Goma kwa barabara ya Sake, ukapanda hadi Kilolirwe na kuyapita malisho ya ng'ombe, utafika Kitshanga, mji wa Masisi uliojaa kwa kupokea watu waliokimbia vijiji vya jirani. Jioni redio husikika hapo kwa Kiswahili, Kifaransa, Kinyarwanda na Lingala. Nyingi ya sauti zilizotoka ng'ambo zikafika mji huu zilipita kwenye mnara ambao mwenye sauti si mwenye mnara. Mmoja ana habari na watangazaji, mwingine ana mtambo, umeme na kilima. Wanakaa mezani, wanapatana bei, saa na masafa.

Mapatano hayo yana rekodi zake, na nyingi zinaugusa ukanda wetu wa Maziwa Makuu kuliko tunavyodhani. Nimezichagua kwa kipimo kimoja: nani alisikika huku milimani, na nani alikuwa na uwezo wa kumzima.

Mnara wa karibu kuliko yote

Kilima cha Kinyinya mjini Kigali kiko kama kilomita 135 kutoka Kitshanga ukipima moja kwa moja juu ya ramani. Mwaka 1965 Deutsche Welle ya Ujerumani ilifungua hapo kituo cha kurushia matangazo, ambacho baadaye kilikuwa na mitambo minne ya kilowati 250 kila mmoja. Idhaa yake ya Kiswahili ilikuwa imeanza miaka miwili kabla, 1963. Hakuna kituo kingine kikubwa cha masafa mafupi cha taifa la Ulaya kilichowahi kukaa karibu hivyo na Masisi.

Lakini ukaribu kwenye masafa mafupi una mambo yake. Wimbi hupanda hadi kwenye tabaka la juu la anga, kilomita mia mbili hadi mia nne kutoka ardhini, likaakisiwa na kushuka mbali sana. Ruko moja linaweza kufika kilomita 3,000. Kati ya mnara na mahali wimbi linapotua, kuna eneo ambalo halipati kitu, au linapata mkwaruzo tu. Kwa hiyo jirani wa mnara anaweza kukosa matangazo ambayo mtu wa Lagos anayapata safi. Ndiyo sababu watangazaji wa kimataifa hutafuta minara ya kukodi: ili kumfikia mtu wa Kivu, mtambo bora mara nyingi umekuwa ule wa Madagaska, Botswana au Shelisheli, na hakuna taifa la kigeni lenye ardhi katika sehemu zote hizo.

Kituo cha Kigali kilikatizwa na mauaji ya kimbari ya 1994, kikarudi, kikaendelea hadi tarehe 28 Machi 2015. Kilidumu nusu karne, ndani ya nchi iliyobadilisha tawala na kupita katika maangamizi. Mwishowe jiji lilikuwa limeshakizunguka kilima, na ardhi ikarudishwa kwa Wanyarwanda.

Ushirika mbaya kuliko wote

Hapa ningependa msomaji asipite haraka.

RTLM, redio ya chuki ya Rwanda, ilianza kusikika Julai 1993. Ilijitambulisha kama redio ya binafsi. Hata hivyo iliruhusiwa kutumia masafa ya Radio Rwanda, redio ya taifa, katika saa ambazo redio hiyo ilikuwa kimya, kati ya saa mbili na saa tano asubuhi. Hayo yalikuwa matumizi ya pamoja ya masafa kwa maana kamili ya kiufundi: masafa yale yale, nchi nzima, mwenye nyumba akinyamaza ili mpangaji aseme. Msikilizaji ambaye hakugusa kitufe cha redio yake alitoka kwenye sauti ya serikali akaingia kwenye sauti iliyowataja watu kwa majina ili wauawe.

Desemba 2003 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyoketi Arusha, iliwatia hatiani Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza, wawili wa waasisi wa RTLM. Kesi ilijikita kwenye maneno na walioyaongoza. Swali la masafa limebaki nyuma kidogo, na kwangu mimi ni zito. Anayempa mwingine saa za mnara wake hawezi kudai kwamba amekodisha vyuma na umeme tu. Anakodisha pia mazoea ya watu ya kuuamini mnara huo.

Julai 1994 karibu watu milioni moja walivuka mpaka kuingia Goma. Masisi, ambako Wahunde, Watutsi, Wahutu na wengine tayari walikuwa na majeraha ya mapigano ya 1993, ilipokea moto huo juu ya moto wake. Agosti 1994 waandishi wa habari wa Uswisi, wakishirikiana na wenzao wa Maziwa Makuu, walianzisha Radio Agatashya mjini Bukavu ili watu wa kambini na wa mijini wapate habari zilizothibitishwa: maji yako wapi, kipindupindu kinazuiwaje, nani anatafuta ndugu zake. Vita vya 1996 viliizima. Kutokana na kazi hiyo ikazaliwa Fondation Hirondelle, ambayo tutakutana nayo tena Kinshasa.

Mnara uliogeuka kuliko yote

Kusini ya Johannesburg, karibu na Meyerton, serikali ya ubaguzi wa rangi ilijenga katikati ya miaka ya 1960 kituo kikubwa cha masafa mafupi, ikakipa jina la Waziri Mkuu Verwoerd. Tangu Mei 1966 Radio RSA ilitumia mitambo hiyo kuieleza Afrika, kwa lugha kadhaa Kiswahili kikiwemo, kwamba Afrika Kusini ni nchi ya amani.

Wakati huohuo Dar es Salaam ilikuwa na rekodi ya upande wa pili. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake hapo tangu 1963, na Radio Tanzania iliwagawia wapigania uhuru muda katika idhaa yake ya nje. FRELIMO walikuwa na saa zao, ANC zao, SWAPO zao, ZANU zao. Sijui mahali pengine katika bara hili ambapo harakati nyingi hivyo za nchi tofauti zilisemea kupitia milango ya redio moja ya taifa, nazo hazikudaiwa kodi. Tanzania ilikuwa nchi maskini, umeme wa mitambo ulikuwa na gharama, na jirani mwenye ndege za kivita alikuwa akisikiliza. Huo naupa nafasi ya kwanza katika ukarimu wa minara, na nautoa moyo wangu wote kwa mafundi mitambo wa Dar ambao majina yao hayamo katika vitabu vya historia.

Radio RSA ilifungwa 1992. Nafasi yake ikachukuliwa na Channel Africa, na mitambo ya Meyerton, ikiwa sasa chini ya kampuni ya Sentech, ikaanza kukodishwa. BBC ilikuwa mpangaji mkubwa. Na kwa miaka kadhaa mpangaji mwingine alikuwa Radio Okapi, redio ya Umoja wa Mataifa nchini Kongo, iliyolipia saa za masafa mafupi ili kufika pale ambapo FM zake hazikufika. Habari za Kivu zilitoka Kinshasa, zikaenda kilomita zaidi ya elfu mbili hadi kwenye antena zilizosimikwa kwa ajili ya Verwoerd, zikarudi Kongo kwa kuruka angani. BBC iliondoka Meyerton 2019, na mitambo hiyo haikubaki na wapangaji wa kuilisha.

Wenye nyumba wawili, mlango mmoja

Kisiwani Antigua, katika Bahari ya Karibi, BBC na Deutsche Welle hawakukodishiana. Walianzisha kampuni ya pamoja, wakajenga kituo kimoja mwaka 1976 na kukimiliki wote wawili hadi kilipofungwa 2005. Ni moja ya mifano michache ya taasisi mbili zinazoshindania masikio yaleyale kukubali kuwa na mlango mmoja.

Ushirika mwingine wa muda mrefu ni wa Woofferton, kijijini Uingereza. Kituo hicho kilijengwa na BBC mwaka 1943 wakati wa vita, lakini kwa miongo kadhaa ya Vita Baridi kilirusha pia Sauti ya Amerika. Bado kiko kazini.

Kuna pia kubadilishana bila fedha. Ufaransa ilikuwa na mitambo Montsinéry, Guyana ya Ufaransa. China ilikuwa na mitambo Xi'an. Redio ya China ikasikika Amerika Kusini kutoka kwa Wafaransa, RFI ikasikika Asia kutoka kwa Wachina. Serikali hizo hazikukubaliana juu ya mengi, lakini wahandisi wao walihesabu saa kwa saa wakapeana mikono. China baadaye ilichagua njia nyingine kwa Afrika Mashariki: Januari 2006 ilifungua Nairobi kituo cha FM, cha kwanza cha redio yake nje ya nchi.

Antena iliyosimama baharini

Kati ya vituo vyote vilivyowahi kuimwagia sauti Afrika Mashariki, cha ajabu zaidi kwa umbo kilikuwa Shelisheli. FEBA, shirika la redio la Kikristo, lilikuwa kisiwani Mahé tangu 1970 hadi 2003, na antena zake zilisimikwa ndani ya bahari, juu ya miamba ya matumbawe. Kisiwa ni milima, ardhi tambarare ni adimu, na maji ya chumvi huyasaidia mawimbi kwenda mbali. BBC nayo ilifungua kituo chake kisiwani humo 1988, kikawa mlezi wa idhaa zake za Afrika Mashariki hadi Machi 2014.

Nikiwa kwenye redio za dini, niitaje Addis Ababa. Redio ya Sauti ya Injili ya Walutheri ilifunguliwa mbele ya Mfalme Haile Selassie mwaka 1963 na kutaifishwa 1977. Vipindi vyake vya Kiswahili vilitengenezwa Moshi, chini ya Kilimanjaro, vikasafirishwa hadi Ethiopia kwenda kurushwa. Ukifikiri kwamba kutenganisha studio na mnara ni jambo la zama za setilaiti, Moshi ilikwishalifanya kwa kanda.

Sauti nzito kuliko zote

Moyabi, Gabon, ni kama kilomita 1,700 magharibi ya Kitshanga. Africa N° 1 ilianza huko Februari 1981 na mitambo ya kilowati 500, mara mbili ya ile ya Kinyinya. Ilikuwa redio ya Waafrika kwa Kifaransa, yenye mpira na rumba, na wakati huohuo ilikuwa nyumba ya wapangaji: RFI, redio ya Japani na wengine walinunua saa hapo. Watu wengi wa Kongo waliokua katika miaka ya 1980 waliijua Japani kwanza kupitia msitu wa Gabon.

Mnada unaorudi mara mbili kwa mwaka

Mapatano haya yote yangekuwa kelele tupu bila mahali pa kukutana. Tangu 1990, ukuta wa Berlin ulipokuwa umeanguka, wahandisi wa Mashariki na Magharibi waliokuwa wakizibana sauti kwa makusudi walianza kukaa pamoja. Mkutano huo unajulikana kwa kifupi kama HFCC, ofisi yake iko Prague. Ratiba zinabadilika Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba, kwa sababu jua hubadilisha anga, na masafa yanayobeba sauti vizuri Juni huenda yasifae Desemba. Kila mtangazaji huja na orodha: mtambo gani, kilowati ngapi, antena imeelekezwa wapi, saa zipi. Kompyuta inaonyesha wanaogongana. Halafu yanafuata mazungumzo: wewe sogea kilohezi tano, mimi nitaanza nusu saa baadaye.

Msikilizaji wa zamani anayekumbuka kuambiwa na mtangazaji kwamba kuanzia kesho tutapatikana katika mita bendi 25, 31 na 49, alikuwa akisomewa matokeo ya mazungumzo hayo. Hakualikwa. Katika jedwali hilo Kongo ya Mashariki ni sehemu ya eneo kubwa lenye namba, na sijaona ni nani anayekaa mezani kusema: wiki hii kuna mapigano Masisi, saa hii msiiondoe.

Kuzaliwa wakati mgumu kuliko wote

Tarehe 5 Julai 2010 RFI ilizindua idhaa yake ya Kiswahili jijini Dar es Salaam. Lugha inayosikika Goma, Kitshanga na Bukavu ikawa na idhaa mpya ya dunia. Lakini siku hiyo FM za RFI nchini Kongo zilikuwa zimefungwa kwa karibu mwaka mzima. Serikali ya Kinshasa ilizikata Julai 2009, ikiituhumu redio hiyo kuchochea askari, na hazikurudi hadi Oktoba 2010. Idhaa ilizaliwa wakati mlango wake wa FM kwenye soko lake kubwa la Wakongo umefungwa.

Tukio hilo linaonyesha tofauti ambayo sichoki kuieleza. FM ni safi, inaingia hata kwenye simu ya bei ndogo, lakini inahitaji kilima ndani ya nchi, leseni, na mwenyeji ambaye anaweza kuzima swichi. Masafa mafupi yana mkwaruzo, lakini mtambo wa RFI wa Issoudun, katikati ya Ufaransa, uko karibu kilomita 6,000 kutoka Masisi, na hakuna waziri wa Kinshasa mwenye ufunguo wake. Kigali ilisimamisha matangazo ya BBC ya Kinyarwanda Oktoba 2014. Bujumbura ilizizuia BBC na Sauti ya Amerika Mei 2018. Nchi tatu zinazoizunguka Kivu au kuimiliki zote zimewahi kuzima FM ya mgeni. Kwa hiyo mtangazaji anayefunga masafa mafupi kwa hoja kwamba ana FM, amehamisha uamuzi wake kwa serikali.

Mtandao mpana kuliko wote

Radio Okapi ilianza tarehe 25 Februari 2002, siku Mazungumzo ya Wakongo yalipofunguliwa Sun City, Afrika Kusini. Nchi ilikuwa imekatwa vipande. Goma ilikuwa mikononi mwa waasi wa RCD. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulileta ulinzi, ndege na minara. Fondation Hirondelle ikaleta uzoefu wa Agatashya. Habari moja ikasikika pande zote mbili za mstari wa vita, kwa Kifaransa, Lingala, Kiswahili, Tshiluba na Kikongo. Kwa upana wa nchi na idadi ya lugha, hakuna redio ya Kongo iliyofanya hivyo kabla yake wakati wa vita.

Gharama yake haikuwa ya umeme peke yake. Serge Maheshe aliuawa kwa risasi Bukavu Juni 2007. Didace Namujimbo aliuawa mjini humo humo Novemba 2008. Wote wawili walikuwa waandishi wa Okapi. Ninapoandika juu ya bei ya saa moja ya mtambo, majina hayo mawili ndiyo yanayonikumbusha kwamba saa hiyo hujazwa na mtu anayeishi mtaani, si Prague wala Geneva.

Kitshanga iliwahitaji waandishi wa namna hiyo. Mwishoni mwa Februari na mwanzoni mwa Machi 2013 jeshi na wapiganaji wa APCLS walipambana ndani ya mji, nyumba nyingi zikateketea, na watu wakajaa kambi ya Mungote na pembeni ya kituo cha Umoja wa Mataifa. Januari 2023 waasi wa M23 waliuchukua mji. Katika siku za namna hiyo swali la msikilizaji ni fupi: barabara ya Mweso iko wazi? Redio ya kimataifa inayolijibu inastahili mnara kuliko ile inayosoma matokeo ya soko la hisa.

Kimya cha ghafla kuliko vyote

Sauti ya Amerika ilianza Kiswahili 1962. Kwa ajili ya Afrika ilijenga mitambo Liberia, ikaipoteza katika vita vya 1990, ikahamia São Tomé. Upande wa kusini ilikuwa na Selebi-Phikwe, Botswana, kama kilomita 2,300 kutoka Kitshanga, umbali mzuri kwa ruko moja la wimbi. Hakuna ndege ya kivita iliyoifunga. Tarehe 14 Machi 2025 amri ilitiwa saini Washington, na kesho yake wafanyakazi zaidi ya 1,300 wakapewa likizo ya lazima. Vipindi vya Kiswahili, Kinyarwanda na Kirundi vilikatika siku hizohizo, wiki chache tu baada ya Goma kutekwa Januari 27 na Bukavu katikati ya Februari. Kwa wasikilizaji wa Kivu, wakati mbaya zaidi usingeweza kuchaguliwa.

Mnara uliowazidi umri wajenzi wake

Talata-Volonondry iko kaskazini ya Antananarivo. Radio Netherlands ya Uholanzi ilifungua kituo hapo 1972. Bajeti ilipokatwa, redio hiyo ikaacha masafa mafupi mwaka 2012, na huo ungekuwa mwisho wa kawaida: vyuma kuuzwa, wafanyakazi kupewa barua. Wamalagasi waliichukua mitambo. Sasa ni kampuni ya huko inayoiendesha na kukodisha saa kwa watangazaji wa mabara mbalimbali. Idhaa ya Kiswahili ya NHK ya Japani imekuwa ikitumia mitambo hiyo. Kitshanga iko kama kilomita 2,800 kutoka hapo.

Naiweka juu ya orodha yangu, juu ya Moyabi na kilowati zake 500. Katika minara yote niliyoitaja, mingi ilijengwa na wageni kwa sababu zao na kuzimwa na wageni kwa sababu zao. Huu unaendeshwa na Waafrika wanaokaa upande wa mwenye nyumba, wakipanga bei. Mtangazaji yeyote anayetaka kurudi kwa watu wa Masisi anaweza kupiga simu Antananarivo, akaulizia saa moja ya jioni kwa Kiswahili, antena ikielekezwa kaskazini-magharibi. Radio Okapi, BBC, Deutsche Welle na RFI wana watangazaji wanaojua barabara ya Mweso. Wakichanga wanne hao, kila mmoja robo saa, itatosha saa nzima.